Dumu la Oili Nzito

"Hiyo oili yako ni maji," shangazi alisema. "Maji yametiwa rangi. Ukinimwagia hayo kwenye gari langu, mimi na wewe hatutaelewana leo wala mwakani."

"Mama, gari linalia."

"Hata mimi magoti yanalia kila asubuhi. Umeona nabadilishwa damu?"

Fundi akacheka, kisha akajuta kucheka. Alikuwa amesimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, kitambaa begani, kopo la oili nyepesi mkononi. Shangazi alikuwa upande wa pili wa gari, amekumbatia dumu lake kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyesikia kuna wezi. Mimi nilikuwa katikati, maana mimi ndiye niliyeliendesha gari mpaka pale gereji, na kila mmoja alikuwa ananiangalia nimuunge mkono.

"Hebu niambie," fundi akaendelea. "Ukiwasha asubuhi, taa ya oili inachukua muda gani kuzima?"

"Inazima."

"Sijauliza kama inazima."

"Inazima ikitaka."

"Na ile tak-tak-tak ya juu?"

"Hiyo si tak-tak-tak. Ni gari linaamka. Wewe ukiamka huguni?"

Huyu fundi watu wanamwita Fundi Kesho. Ukimpelekea gari leo atakwambia njoo kesho, na hiyo kesho ukija unakuta ameketi kwenye tairi anakunywa chai. Lakini mkono wake ni mzuri, hilo hakuna anayebisha. Akaweka kopo chini, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Mama, sikiliza. Oili yako siitukani. Hiyo ni ishirini-hamsini, ni oili nzuri, lakini ni nzito. Hii injini yako vijia vyake vya ndani ni vyembamba. Umewahi kunywa asali kwa mrija? Ndiyo hivyo. Asubuhi, gari likiwa limepoa, oili inapanda polepole, huku juu chuma kinasugua chuma kikiwa kikavu. Ndiyo hiyo sauti. Endelea hivyo hivyo, itakuja kunoki, ikufie barabarani. Na injini ikinoki imenoki, usije ukanipigia simu eti nikupakie dawa."

Shangazi akalisogeza dumu juu kidogo, karibu na kidevu. Vijana waliokuwa wanafungua gurudumu la gari la jirani wakaacha spana, wakakaa mkao wa kusikiliza.

"Hii ndiyo oili ya gari hili," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mwenyewe ndiye aliyeichagua."

Mwenyewe ni mume wake. Alishafariki. Pale gereji wote walimjua.

Sasa kama humjui shangazi yangu utaona ni ubishi tu wa mtu mzima. Acha nikwambie.

Ni dada yake baba, wa kwanza kuzaliwa, na mtaani anaitwa Mama Trei. Kazi yake ni kupeleka mayai. Anayachukua kwa wafugaji asubuhi, anayapanga kwenye gari, anazunguka nayo kwenye kiwanda cha mikate, kwenye kantini ya hospitali, kwa yule mama wa keki mwenye miwani ya kamba, na kwenye vihoteli vya stendi. Amefanya hivyo tangu mimi sijazaliwa. Wateja wake hawafungui trei kukagua. Wanauliza habari za nyumbani, wanapokea, basi.

Watoto wake wako mbali, wana kazi zao, na wote wana wimbo mmoja: Mama pumzika. Mwaka fulani walimnunulia kiti cha kupumzikia, kile kikubwa ukivuta mkono wa pembeni miguu inanyanyuka. Kilikuja na gari la mizigo. Mpaka leo kipo sebuleni na nailoni yake, na shangazi anakitumia kupangia trei tupu. Mgeni akija anamwambia, "Keti popote, ila si pale, pale ni stoo."

Siku moja, kwa kuwachoka, aliwaambia, "Siku gari likifa, nitakaa." Alisema kwa utani, gari wakati huo lilikuwa zima. Wenyewe wakaishika ile kauli kama risiti. Mwaka jana injini ya zamani ilipokufa kweli, simu zililia tangu asubuhi, kila mmoja na pole yenye furaha ndani yake. Kabla hawajamaliza kumpa pole, shangazi alishapata injini ya mtumba na ilishafungwa. Wakanyamaza. Ila binti yake mkubwa alimwambia, "Sawa mama. Lakini hii ni ya mwisho." Na shangazi akakubali, mimi nilikuwepo.

Kwa hiyo fundi aliposema kunoki, shangazi alikiona kile kiti. Najua alikiona. Mtu ambaye hajui hata kukaa kanisani bila kuchezesha mguu, unamweka kwenye kiti cha kunyanyua miguu afanye nini?

Mumewe alikuwa anaitwa Mzee Breki. Alikuwa dereva wa kampuni, na alikuwa anaanza kugusa breki taa za barabarani zikiwa bado kijani. Watu walimcheka, lakini ndiye aliyemfundisha shangazi kuendesha, na namna aliyomfundisha sijasikia kwingine. Aliweka kizibo cha soda juu ya dashibodi, juu ya kizibo akaweka yai bichi. "Endesha." Yai likidondoka, unafuta wewe mwenyewe, mnarudi nyumbani mlikotoka, mnaanza upya. Shangazi anasema mwanzo hawakufika hata mwisho wa mtaa. Gari lilinuka mpaka majirani wakadhani wameanza kufuga bata humo ndani. Siku yai lilipokwenda mpaka kiwanda cha mikate na kurudi, Mzee Breki alilichukua pale pale akaenda kulikaanga, wakagawana.

Sisi watoto wa ukoo tulikuwa tunapakiwa kiti cha nyuma, kila mmoja na trei mapajani. Yeye anaangalia kwenye kioo: "Huko nyuma mnapumua kwa nguvu sana. Punguzeni." Na tulikuwa tunapunguza kweli! Nakumbuka bado ile baridi ya mayai kwenye mapaja, na harufu ya viti vilivyopigwa jua, na shingo yake Mzee Breki, nene, yenye mkunjo mmoja, kofia juu.

Jumamosi ilikuwa siku ya oili. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha kupimia, anakifuta kwa kipande cha fulana yake ya zamani, anakirudisha, anakichomoa tena. Tone moja analiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua, anainusa. Kisha anamwita shangazi. Shangazi anatoka jikoni na mikono ina sabuni, anasugua naye, ananusa naye. "Ipo?" "Ipo." Kazi imeisha. Mimi nilikuwa nadhani ndoa ndiyo hivyo, mnanusa oili.

Nilipoacha shule, kidato cha pili, kila mtu alikuwa na hotuba yake kwangu. Baba alikuwa nayo ndefu. Shangazi hakuwa nayo. Alinitupia ufunguo, akasema, "Kama hukai darasani, kaa kwenye usukani." Akatafuta kizibo, akatafuta yai. Tangu hapo nimeuza vifuniko vya simu, nimepaka rangi nyumba, sasa nabeba maspika ya jamaa mmoja wa muziki, situlii mahali pamoja. Lakini magoti yake yakikataa, anapiga simu, mimi naacha nilipo nakwenda kuzungusha mayai. Kwingine kote naambiwa nina haraka. Kwenye gari lile sijawahi kuvunja yai.

Sasa dumu.

Mzee Breki alipofariki, kibarazani alikuwa ameacha dumu la oili, limefika nusu. Shangazi alilitumia. Ila lilipokaribia kuisha hakuliacha liishe. Alinunua nyingine ya namba ile ile, akaijazia humo humo. Likipungua, anajazia. Miaka yote hii chini ya lile dumu hajawahi kupaona. Sisi tulifikiri ni mazoea tu, mpaka siku moja nilitaka kulisuuza kwa sababu mdomo ulikuwa na mchanga, akanipigia ukelele ambao sijausikia tena. "Acha! Humo bado kuna ya kwake."

Ndiyo hivyo. Hata kama limebaki tone, limechanganyika, lakini limo. Na kila akijaza gari, anaona gari linakwenda na kitu alichokinunua Mzee Breki kwa mkono wake.

Injini ya mtumba ilipofungwa mwaka jana, alimwambia aliyeifunga arudishe kifuniko cha oili cha zamani. Kile cha Mzee Breki, alichokipaka rangi nyekundu ili asikichanganye na cha rejeta. Injini zote mbili ni za kampuni moja, kikaingia. Na oili ikatoka dumuni. Mtu yule hakuuliza, alipakia vifaa vyake akahamia mji mwingine.

Na hapo ndipo Fundi Kesho alipokwamia. Aligusa kile kifuniko chekundu kwa ncha ya kidole.

"Mama, hata mimi nakisia. Injini kama hii zinakuja za aina mbili tatu, kila moja na oili yake. Huwa wanaandika juu ya kifuniko. Hiki hakina hata herufi, kina rangi ya mlango. Kilichokuja na injini kiko wapi?"

"Nilikiweka."

"Wapi?"

"Mahali."

"Basi kilete. Kikisema nzito, nakuwekea ya kwako na nakuomba radhi mbele ya hawa wote. Kikisema nyepesi..."

"Usimalize," shangazi akasema. "Twende, wewe."

Wewe ndiyo mimi.

Kwake si mbali, tulikwenda kwa miguu, yeye na dumu lake. Nilijaribu kulipokea akanikata jicho. Njiani mtu mmoja alimsalimia, akamjibu, "Salama tu, gari linapumzika kidogo," na hilo neno kupumzika lilimtoka kwa shida.

Tukaanza kutafuta. Droo ya sebuleni ilikuwa na funguo za makufuli yaliyokufa, betri za rimoti, kitasa, meno mawili ya mtoto ndani ya karatasi, na taa ya pembeni ya gari ambalo sijui ni la nani. Kifuniko hakuna. Tukaondoa trei zote juu ya kiti cha kupumzikia, tukaingiza mikono kwenye mianya. Hakuna. Tukaenda kibarazani, chini ya ndoo, ndani ya viatu vya mvua vya Mzee Breki ambavyo bado vimesimama pale pale vimeegemea ukuta. Nilitingisha kimoja, kikatoka kipande cha fulana, kigumu kwa oili. Shangazi alikichukua, akakirudisha kiatuni bila kukitazama.

Jikoni nikachoka, nikaegemea kabati la vyombo. Kabati halikutikisika.

"Shangazi. Hili kabati si lilikuwa linayumba?"

"Lilikuwa."

"Lini liliacha?"

Tukaangaliana.

Nililinyanyua upande mmoja, glasi zikalia humo ndani, shangazi akapiga magoti, magoti yenyewe yale, akaingiza mkono chini ya mguu wa kabati. Akatoka nacho. Kilikuwa kimelala kichwa chini kama kikombe, na mguu wa kabati umekaa katikati vizuri kabisa. Yaani hata seremala asingeweza. Maandishi yalikuwa yanatazama sakafu, kwa hiyo hayajafutika hata kidogo.

Akavaa miwani. Akakisogeza mbali, akakileta karibu.

"Tano," akasoma. "Tano-thelathini."

Akavua miwani.

"Maji," akasema, na akakaa kwenye stuli.

Kabati lilikuwa limeanza kuyumba tena. Nikalikunjia kipande cha boksi, nikalipachikia, maana sikujua nifanye nini kingine. Mimi maneno ya kufariji sinayo. Nikauliza tu swali lililonijia.

"Mzee alikuwa anaweka hii nzito tangu mlipolipata gari?"

"Hapana. Mwanzoni aliweka nyingine. Nyepesi. Mpaka nilimgombeza, nilimwambia wamekuuzia mafuta ya taa. Akasema niache, gari bado lina damu changa." Alikuwa anatabasamu kidogo. "Hii nzito alianza baadaye, lilipoanza kula oili. Ule moshi, unaukumbuka? Jirani alikuwa akitusikia tunawasha anaanua nguo. Ndipo mwenyewe akasema limezeeka, linataka kitu cha kushika..."

Nikamwangalia.

"Usiniangalie hivyo."

"Sijasema kitu."

"Una macho ya kusema." Akakizungusha kifuniko mkononi. "Kwa hiyo mwaka mzima nampa mtoto dawa ya mzee."

Nikainua mabega. Akatazama dumu, alikuwa ameliweka juu ya meza ya kukatia mboga, na karibu nalo kopo la chumvi. Akaligusa mshikio.

"Nikiacha kulitumia, basi. Kilichobaki chake ndani ya gari kinaisha leo. Kinamwagwa kwenye beseni la fundi na maji ya kunawa."

"Shangazi, akijua ulimweka kwenye dumu miaka yote hii, atapiga breki huko huko aliko."

Ilinitoka tu. Nikaona nimekosea. Kwanza alitoa macho. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, kumbe anacheka, akanipiga begani na kile kifuniko, kikauma kweli. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa gauni, na hapo katikati sijui, labda yalikuwa yote mawili.

"Lete hilo dumu tuliweke kibarazani," akasema. "Linabaki hapa. Na asiliguse mtu."

Tuliporudi, Fundi Kesho alikuwa kwenye tairi lake na chai. Shangazi akampa kifuniko bila salamu. Fundi akasoma, hakusema nilikwambia, na kwa hilo nampa heshima yake. Alisema tu, "Tano-thelathini. Haya mama, twende tukanunue."

Duka la spea limepakana na gereji. Muuzaji ni kijana mwenye mdomo, kila kitu kwake ni cha mbio. Akatuwekea makopo matatu kwenye kaunta.

"Mama, chukua hii ya katikati. Kumi-arobaini. Si nzito si nyepesi, haimkosei mtu."

Nikaona macho ya shangazi yanawaka. Ya katikati! Angeweza kwenda nusu ya njia, na nusu nyingine akabaki na Mzee Breki. Akamgeukia fundi.

"Hii je?"

"Kifuniko hakijasema katikati, mama."

"Lakini itakwenda?"

"Itakwenda. Hata ile yako imekwenda. Swali ni mpaka wapi."

Akasimama pale mkono juu ya kopo la katikati. Mteja mwingine akaingia, akauliza plagi, akahudumiwa, akatoka. Shangazi bado.

"Wewe," akaniambia, "Mzee wako huyo. Aliwahi kufanya kitu nusu?"

"Labda kunyoa ndevu."

"Hizo kweli." Akaliachia lile kopo. "Nipe iliyoandikwa. Na si hilo, hilo kizibo chake kimefunguliwa kikarudishwa. Nipe ambalo pete yake haijakatika." Kisha akaongeza, kwa fundi, "Na filta mpya. Usinifanyie kazi nusu."

Fundi aliinua gari kwa jeki, akaingia chini na beseni. Nati ilipofunguka, oili ikashuka nyeusi, nene, bila haraka, kama kamba inayokunjuka. Tulimletea shangazi kiti cha plastiki, akakikataa. Alisimama mpaka kamba ikawa uzi, uzi ukawa matone. Kisha akainama kwa taabu, akachovya kidole, akasugua na gumba, akainusa. Pale gereji kila mtu alijitafutia kitu cha kuangalia. Mimi niliangalia bango la matairi.

Alijifutia kwenye gauni lake zuri, yeye ambaye hata tone la maji kwenye gauni ni ugomvi.

Oili mpya aliimwaga mwenyewe. Fundi alimshikia faneli. Ilishuka nyepesi, rangi ya asali iliyokaa juani, haikutoa sauti kabisa. Akafunga kifuniko kilichotoka chini ya kabati. Chekundu akakitia mfukoni.

"Washa," fundi akaniambia.

"Nitawasha mimi," shangazi akasema.

Akaingia, akakaa, akavuta kiti mbele kama kawaida yake, maana mimi nakirudisha nyuma kila siku na kila siku tunagombana. Akazungusha ufunguo. Taa ya oili iliwaka, ikazima pale pale. Kisha sikusikia kitu.

"Limezimika," shangazi akasema.

"Linawaka, mama."

"Mbona sisikii?"

"Weka mkono hapo kwenye gia."

Akaweka mkono. Akakaa vile, mlango wazi, mguu mmoja nje. Fundi alikuwa chini anaangalia kama nati inavuja. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nikamwona uso wake unabadilika, lakini si kama jikoni. Alikuwa anasikiliza, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka nyumba ya pili.

"Lilikuwa hivi," akaniambia, polepole. "Mwanzo kabisa. Nyumba ilikuwa imejaa, mama mkwe, mawifi, watoto, huna pa kusemea neno na mumeo. Jioni ananiambia twende tukasikilize gari. Tunakaa humu, uani pale, anawasha ili watu wafikiri anatengeneza. Tunanong'ona. Mipango yote ya mayai tuliipanga humu kwa kunong'ona, na injini inawaka."

Akatikisa kichwa.

"Baadaye kelele zikawa nyingi. Tak-tak-tak, moshi, lazima upige kelele ndipo usikike. Tangu afe, nikimkumbuka, namsikia anapiga kelele. 'Pita kulia! Angalia tuta!' Ile sauti ya kunong'ona nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilifikiri hakuwa nayo."

Nikasema, "Na sasa?"

"Sasa naisikia. Nyamaza basi."

Nikanyamaza. Hata Fundi Kesho, aliyekuwa anatoka chini ya gari na neno mdomoni, alilimeza.

Simu ya shangazi ndiyo iliyoharibu. Ilikuwa binti yake mkubwa, anapiga kila Jumamosi. Shangazi akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ina oili.

"Mama, uko wapi? Mbona kimya hivyo? Umekaa?"

"Nimekaa."

"Kwenye kiti?" Sauti ya furaha kabisa.

"Kwenye kiti. Cha gari."

"Ah, mama! Nilisikia gari lina tatizo. Mama wa keki amesema jana lilikuwa linagonga mpaka ng'ambo. Si tulikubaliana? Likifa..."

"Subiri," shangazi akasema. Akaninyooshea simu. "Peleka pale mbele."

Nikaisogeza simu juu ya injini, boneti ikiwa bado wazi, nikaishika hapo.

"Unasikia?" shangazi akauliza kutoka ndani, kwa sauti ya chini.

"Sisikii kitu, mama," sauti ikatoka kwenye simu. "Limezima?"

"Linawaka. Sikiliza vizuri."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na injini.

"Hilo ni gari lile lile?" binti akauliza.

"Ndilo hilo hilo," shangazi akasema, na sasa alikuwa anacheka. "Jumatatu napeleka mayai kiwandani. Kile kiti, kama unakihitaji, njoo ukichukue. Trei nitazipangia kwingine."

Mabishano yakaanza upya, ila sasa ni ya mama na mtoto, hayakuwa ya oili, na nilijua hayataisha leo. Nikamrudishia simu. Simu yangu nayo ilikuwa imetetemeka mfukoni kutwa nzima, yule jamaa wa maspika ananitafuta, kuna mzigo wa kushusha na alishaniandikia maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya mtu mzima.

"Shangazi, mimi nakwenda."

Akaninyooshea mkono bila kuacha kuongea na binti yake, ishara ya nenda, nenda. Fundi akafunga boneti taratibu, kwa viganja viwili. Mimi nikavuka barabara mbio, nikamwacha humo ndani ya gari, mlango ameshaufunga, injini inawaka.